Milimita Kumi na Mbili

Nagonga.
Nyundo yangu ndogo, nzito kama yai la bata.
Boriti nzima hujibu ng'i, kama bakuli la kaure;
iliyooza hujibu bu,
kama mtu uliyemwamsha usiku akasema "niko macho"
naye bado yumo ndotoni.

Ya tatu, upande wa bahari, imejibu bu.

Ni Januari, na upepo umetoka Siberia
ukavuka maji yote yale bila kutua mzigo,
na mzigo wenyewe ni chumvi.
Chumvi kwenye kope, kwenye zipu ya koti,
kwenye chai ya Rentaro aliyesahau kifuniko.
Zege halina mdomo lakini lina kiu;
miaka hamsini limekunywa, funda kwa funda.

Wapitao juu hudhani zege ni jiwe.
Zege ni nguo.
Nondo iliyovikwa vyema hulala ndani ya magadi ya saruji,
imejipaka utando mwembamba kuliko mvuke wa pumzi kiooni,
na utando huo ndio ubebao malori ya kaa,
basi la shule, jeneza la Bi Sugawara juzi.
Chumvi ikifika hutoboa. Tundu moja, la sindano.
Kisha kutu; na kutu haikondi, hunenepa,
huisukuma nguo kwa mabega hadi vifungo vikatike.
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa.
Hapa nguo yenyewe ilikuwa fupi.

Mchoro unasema: milimita arobaini.
Kipimo kinasema: kumi na mbili.
Nimepima tena. Kumi na mbili.
Pembeni mwa mchoro, mhuri mwekundu wa msimamizi, 1973:
Igarashi.
Jina langu.

Jumapili nilimwambia. Yumo kwenye nyumba ya wazee, ghorofa ya pili,
dirisha limeelekea maegesho ya magari.
"Biskuti ziliisha," alisema. Vile vipande vya saruji
viwekwavyo kati ya nondo na mbao, chuma kisiguse ukingo.
"Theluji ilikuwa inaanguka. Lori la zege limeshafika, linazunguka.
Wanaume kumi na mmoja wananitazama.
Nikasema, mwaga."
Akautazama ukucha wa kidole gumba muda mrefu,
kama anaupima.
Kisha akavuta blanketi lake, akanifunika magoti.

Husemwa tena: ziba ufa.
Mimi naupanua.
Azibaye ufa wa kutu kwa saruji mbichi
amemfungia mwizi ndani na kumwachia ufunguo.
Kwa hiyo tunabomoa, tunapita nyuma ya nondo
hadi vidole viizunguke,
tunaipiga kwa mchanga mpaka ing'ae kama tumbo la samaki.
Palipoliwa sana tunafunga nondo mpya ubavuni,
na kwa waya tunaipachikia vidonge vya zinki.
Zinki ni kafara: italiwa ili chuma kisiliwe.
Haikuulizwa.
Baada ya miaka ishirini itakuwa imekwisha,
na mtu itambidi aje kugonga.
Nimeliandika hilo kwenye ripoti,
pamoja na ile kumi na mbili,
pamoja na jina la kwenye mhuri.

Rentaro anapanga biskuti, anahesabu kwa sauti,
midomo imekufa ganzi kwa baridi, tarakimu zinamtoka zimevimba.
Niliagiza mara mbili ya tulizohitaji; mhasibu amenuna.
Zege litamwagwa saa nane mchana.

Zimebaki sitini na moja.
Moja nimeitia mfukoni.